Niwekee Kilo Mbili: Oda za Bucha na Saa za Kuzichukua

Oda ya bucha ni nyama iliyoondolewa sokoni kabla haijachukuliwa na mara nyingi kabla haijalipiwa. Tangu mteja apige simu kusema "niwekee kilo mbili za steki" hadi afike kuzibeba, nyama hiyo haina mwenyewe kamili: muuzaji hawezi kumpa mwingine, mteja bado hajaipokea, na joto linaendelea na kazi yake. Sukari iliyowekwa kando Jumatatu ni ileile Alhamisi. Nyama haina uvumilivu huo, kwa hiyo oda yake haitoshi kuwa na jina na kilo. Inahitaji saa ya mwisho, na saa hiyo ijulikane kwa muuzaji na mteja kabla kisu hakijashikwa. Bucha nyingi zenye ugomvi wa oda zina daftari na zina friji. Kinachokosekana ni saa hiyo.

Kinachotangulia ni kujua kipi kinaweza kuahidiwa. Ng'ombe mmoja ana ulimi mmoja, mkia mmoja, moyo mmoja, ini moja, figo mbili na kwato nne. Fileti zake ni mbili, na kwa ng'ombe wa kienyeji zote mbili kwa pamoja mara nyingi hazifiki kilo 4. Bucha ya mtaani jijini Dar es Salaam inayopokea ng'ombe mmoja kwa siku kutoka machinjio ya Vingunguti ina mkia mmoja tu wa kuahidi, hata wakipiga simu watu watano. Ndiyo maana daftari la oda hufaa likitumia kurasa mbili zinazotazamana, ukurasa mmoja wa nyama zinazouzwa kwa kilo kama steki, sarara, mbavu na mchanganyiko, na wa pili wa viungo vinavyohesabika. Ulimi ukishapata jina, hupigwa mstari hapohapo, na anayefuata huambiwa bila kuzungushwa kwamba wa leo umekwisha. Kumjibu "njoo tu tutaangalia" ni kumwita mtu aje kugombana.

Hata nyama ya kilo haifai kuahidiwa yote. Mteja anayepita njiani na pesa mkononi akikuta ndoano tupu huku friji imejaa mafungu yenye majina ya watu, huvuka barabara kwenda bucha ya pili, na huenda asirudi. Kwa siku ya kawaida, nusu ya steki na sarara ikiwa imeshikwa na oda, hicho ni kiwango cha kutosha. Nyama ya mifupa haina shida sana, kwa kuwa huwa nyingi na watu wachache huiwekea oda.

Jambo hili linaambatana na saa ya kufunga oda, ambayo husahaulika kuliko saa ya kuchukua. Mwenye bucha huagiza nyama usiku au alfajiri. Oda inayopokelewa baada ya hapo haiwezi kuongeza paja kwenye mzigo uliokwisha kupakiwa; inaweza tu kumega kilichopo. Kwa bucha inayopokea mzigo saa 12 asubuhi, oda za kesho zikifungwa saa 2 usiku wa leo, mwenye bucha anapata nafasi ya kujumlisha kilo, kuona kama ng'ombe mmoja anatosha au inabidi kuongeza robo ya pili, na kuagiza akiwa anajua. Anayepiga simu saa 3 usiku hakataliwi, ila huambiwa kwamba atapata kitakachobaki baada ya oda zilizotangulia.

Wakati wa kupokea oda maswali ni machache, lakini hakuna hata moja la kurukwa: sehemu gani, kilo ngapi, ya kupika nini, saa ngapi, nani atakuja kuchukua, na kimelipwa kiasi gani. Swali la pishi ndilo huachwa, na ndilo linalookoa kazi. Nyama ya pilau hukatwa vipande vya wastani na huhitaji mfupa kidogo. Ya mishkaki hukatwa midogo na isiwe na mishipa. Ya kuchoma huachwa pande zima na mafuta yake. Muuzaji aliyeandika "steki kilo 3" peke yake anaweza kuikata ya rosti, mteja akaja na moto wa mishkaki umeshawashwa nyumbani.

Saa nayo inataka uangalifu wa peke yake. Mteja akiandika kwenye WhatsApp "nakuja saa 5", anaweza kuwa anasema saa tano asubuhi, au ameitazama simu yake inayoonyesha 5:00 akimaanisha saa kumi na moja jioni. Tofauti kati ya hizo mbili ni saa sita nzima, na kwa maini saa sita ni nyingi. Dawa yake ni muuzaji kurudia saa kwa maneno pamoja na sehemu ya siku, "saa tano asubuhi, siyo?", na kuandika hivyohivyo daftarini. Vilevile "jioni" si saa, wala "nikitoka kazini" si saa, hasa kwa mtu anayetoka kazini Posta na kupita kwenye foleni ya Mbagala. Maneno hayo yageuzwe mpaka: kabla ya saa moja na nusu usiku. Mazungumzo yenyewe hayachukui hata dakika:

— Niwekee ile sarara, nakuja jioni.
— Sawa dada. Kilo ngapi?
— Mbili.
— Naishika mpaka saa moja usiku. Ukiona utachelewa nitumie hela, nikufungie mpaka kesho asubuhi.

Sentensi ya mwisho imemaliza kila kitu. Dada amepewa saa, amejulishwa kitakachotokea ikipita, na amepewa njia ya kuiongeza. Akifika saa mbili na kukuta sarara imeuzwa atasikitika, lakini hana la kudai.

Kianzio hupunguza maneno zaidi. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zienee, M-Pesa ikianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hakuna tena sababu ya mteja aliye mbali kushindwa kulipa kidogo kwanza. Suala ni kiasi gani. Tuseme kilo ya steki ni shilingi 12,000 na oda ni ya kilo 3, yaani shilingi 36,000. Mteja asipotokea, na nyama ikauzwa kesho yake kwa shilingi 9,000 kwa kilo, muuzaji amepoteza shilingi 9,000, bila kuhesabu uzito uliopungua kwa maji na damu iliyochuruzika. Kianzio cha shilingi 12,000 kinafidia hasara hiyo. Kianzio cha shilingi 2,000 hakifidii kitu. Nyama iliyosagwa, au iliyoungwa viungo tayari kwa kuchoma, hulipiwa yote kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa ni vigumu kumpata mtu wa pili anayeitaka vilevile.

Mteja wa siku zote, ambaye hajawahi kuacha oda hata moja, hana haja ya kudaiwa kianzio. Kumdai ni kumvunjia heshima, na bucha huishi kwa watu kama yeye. Aliyeacha oda mara mbili hulipa yote kwanza, awe jirani, shemeji au mwenyekiti wa mtaa. Ugumu uko hapo, maana watu wa karibu ndio wanaoona kwamba "niwekee" yao haina mwisho. Kutenganisha oda na mkopo husaidia pia. Anayechukua nyama leo kulipa mwisho wa mwezi ana daftari lake. Akiandikwa kwenye la oda, mwenye bucha hujikuta anashika nyama ya mtu anayedaiwa ya mwezi uliopita.

Bei nayo hutajwa wakati wa kupokea kianzio. Oda ya Desemba iliyotolewa kwa bei ya Novemba ni chanzo cha ugomvi kinachofahamika. Kanuni iliyo wazi ni kwamba aliyelipa yote analindwa na bei ya siku aliyolipa, na aliyelipa kianzio analindwa mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye risiti yake. Asiyelipa kitu analipa bei ya siku anayochukua.

Sasa nyama yenyewe. Bucha nyingi za Afrika Mashariki huning'iniza nyama kutwa na kuiuza yote kabla giza halijaingia, na kasi ya mauzo ndiyo friji yake. Oda huivunja kasi hiyo. Nyama ambayo ingeondoka saa tatu asubuhi inabaki mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo haiwezi kutunzwa kama ya ndoanoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vyakula vinavyoharibika vihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5. Wizara ya Kilimo ya Marekani huwaambia watu wake wasiache nyama mbichi nje ya friji zaidi ya saa 2, na isizidi saa 1 joto likipita nyuzi 32, kiwango ambacho Dar es Salaam hukigusa mchana wa Januari na Februari. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya friji si ghali, na ndicho pekee kinachoonyesha kama friji la kioo linalofunguliwa kila dakika bado ni friji au limebaki kabati.

Kosa la kawaida ni kuifunga nyama ingali na joto la machinjio. Mzigo wa alfajiri ukikatwa na kushindiliwa kwenye mfuko uliofungwa kabisa, joto la ndani halina pa kutokea. Ikifika mchana nyama ina harufu nzito na rangi imefifia, ingawa ilikuwa "ndani ya friji". Huachwa kwanza ipoe ikiwa imetandazwa kwenye trei bila kurundikwa, ndipo ifunikwe. Kosa lililo kinyume chake ni kuitupa kwenye friza mara tu inaposhuka kwenye gari. Misuli ya mnyama huhitaji saa kadhaa baada ya kuchinjwa ili ikakamae na kutulia; ikigandishwa kabla ya hapo hujikunja, na baada ya kuyeyuka huwa ngumu. Mteja humlaumu ng'ombe kuwa mzee, kumbe mwenye hatia ni friza. Kwa oda ya siku hiyohiyo friji linatosha. Kugandisha kufanyike kwa ruhusa ya mteja tu, kwa sababu wako wengi wasioitaka nyama iliyoganda, nao wana haki ya kuambiwa.

Kadiri nyama inavyokatwa vidogo ndivyo inavyowahi kuharibika. Pande zima lina uso mdogo unaoguswa na hewa, mikono na kisu. Nyama ya kusaga ni uso mtupu. Oda basi hushikwa ikiwa pande, ikapimwa kwa kuzidisha kidogo, na kukatwa wakati mteja amesema yuko njiani. Kusaga ni kazi ya mwisho kabisa. Maini, figo na utumbo havingoji siku ya pili: oda yake huisha siku ileile, na hilo huelezwa mapema. Pande la steki likiwa kwenye friji zuri linaweza kungoja mpaka kesho yake bila wasiwasi. Mahali panapouzwa kitimoto pamoja na nyama nyingine, oda zake hukaa kwenye friji lake, na visu na gogo lake pia. Kuna wateja wengi ambao kwao jambo hili halijadiliwi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake huvuja damu, kwa hiyo haifai kutunzia oda. Ndoo ndogo au makopo yenye vifuniko hufaa zaidi, na mteja akumbushwe wakati wa kutoa oda aje na chombo chake. Kwenye kifuniko hubandikwa utepe wa karatasi ulioandikwa kwa maka peni: jina, tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu, sehemu, kilo, saa ya kuchukua na kilicholipwa. Tarakimu hizo si mapambo. Mtaa mmoja unaweza kuwa na Mama Asha watatu, na wawili kati yao wakataka mchanganyiko kilo 2 siku moja. Karatasi inayowekwa ndani pamoja na nyama hulowa na kufutika, na kazi yote ya kuandika ikawa bure.

Saa za kuchukua zina mpangilio wake wa asili, nao huonekana kwa kutazama nani anapika nini. Mama lishe hutaka nyama saa moja asubuhi au kabla, ili chakula cha mchana kiive kwa wakati. Wauza supu huuza asubuhi, hivyo makongoro na utumbo wao huchukuliwa jana yake alasiri ili vichemke usiku. Wachoma mishkaki huja kati ya saa nane na saa kumi, wapate muda wa kuiunga kabla jiko halijawashwa. Watu wa majumbani hujaa kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Ramadhani mpangilio huo husogea: wanaopika futari huja alasiri mapema, na baada ya magharibi bucha hutulia. Mwenye bucha anayeuelewa mpangilio huu hahitaji kuwalazimisha watu saa wasizozitaka. Anachofanya ni kuwahimiza wale wenye uhuru, kama mama lishe wa pili aliye tayari kuja saa kumi na mbili na nusu, wasirundikane na wengine.

Msongamano hupimwa kwa hesabu ndogo. Oda moja ikichukua dakika 5 kukatwa, kupimwa na kulipiwa, gogo moja lenye mkataji mmoja linamaliza oda 12 kwa saa. Wapita njia nao wapo na wanahitaji kuhudumiwa, kwa hiyo zisiahidiwe zaidi ya 8 kwa saa ileile. Ya 9 husogezwa nusu saa mbele. Oda zilizolipiwa na kukatwa tayari zikitolewa pembeni na mtu mwingine, foleni hupungua sana, ila waliosimama watanung'unika kumwona mtu anafika na kuondoka. Kibao kidogo kilichoandikwa "Oda zilizolipiwa zinachukuliwa hapa" hujibu manung'uniko hayo kabla hayajaanza, na huwafundisha wengine faida ya kulipa mapema.

Nyama hupimwa mbele ya anayeichukua, hata kama ilikwishapimwa asubuhi. Nyama iliyokaa kwenye friji hupungua uzito kidogo, na mteja aliyeandikiwa kilo 2 akikuta kilo 1.9 kwenye mizani ya nyumbani hatafikiria maji yaliyochuruzika. Kuzidisha kidogo wakati wa kuweka kunafidia pengo hilo. Mizani iwe na alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo na ikae upande ambao mteja anaona namba. Wengi siku hizi hawaji wenyewe. Humtuma mtoto, dada wa kazi au bodaboda. Anayekuja ataje jina na tarakimu tatu, na kama jina lake halikuandikwa daftarini, mwenye oda apigiwe simu kwanza. Dereva wa bodaboda huelezwa kwamba amebeba nyama, asije akaifungia kwenye boksi juani huku akipeleka mizigo mingine mitatu.

Mteja akichelewa, ujumbe hutumwa nusu saa kabla ya muda kuisha, si baada yake. Ujumbe wa mapema ni ukumbusho. Wa baadaye ni taarifa ya msiba. Muda ukipita na hajajibu, nyama hurudishwa kuuzwa kama ingali na ubora wa kuuzwa, na daftari huandikwa saa iliyorudishwa. Aliyelipa kianzio huhifadhiwa mpaka asubuhi kwa nyama ya steki na mifupa. Kwa maini kianzio hupotea usiku uleule, kama alivyoambiwa. Kinachobaki baada ya hapo hakirudishwi ndoanoni kikachanganywa na nyama mpya ya asubuhi. Huuzwa kwa bei yake, kikitajwa kuwa ni cha jana.

Sikukuu zina sheria zake. Idd el Fitri husubiri mwandamo wa mwezi, kwa hiyo oda ya "nyama ya Idd" ina siku mbili zinazowezekana. Njia salama ni kuandika "mkesha wa Idd" na kumpigia kila mteja mara mwezi unapotangazwa, huku mzigo mkubwa ukiwa umepangwa na machinjio kwa siku zote mbili. Wiki ya Pasaka ina bonde na mlima: Wakatoliki hawali nyama Ijumaa Kuu, biashara hulala, kisha Jumamosi hufurika. Anayeagiza mzigo wa Ijumaa sawa na wa Alhamisi ataanza Jumamosi na nyama ya jana. Krismasi tarehe yake inajulikana, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchelewa kufunga oda; tarehe 22 Desemba inatosha, na tarehe 24 ikabaki ya kukata na kugawa. Oda za harusi, hitma na misiba hutofautiana kwa ukubwa na kwa mwenye kauli. Kamati ndiyo hulipa lakini mpishi ndiye hujua anachotaka, hivyo ukataji huulizwa kwa mpishi, ambaye kwa kawaida huhitaji nyama usiku ili sufuria ziwe motoni alfajiri. Msiba haupangwi. Bucha yenye busara huacha nafasi ya kumega oda zisizo na haraka, kwa kuwaomba wenyewe, na ni wachache sana watakaokataa.

Kuna siku bucha yenyewe ndiyo hushindwa. Mvua hukwamisha magari, mnada wa Pugu hukosa ng'ombe wazuri, mkaguzi hukataa ini lenye minyoo. Oda iliyoshindikana hujulishwa mteja kabla hajatoka nyumbani, akipewa cha badala na bei yake, au pesa yake hapohapo kwa simu. Umeme ukikatika, friza lililojaa na lisilofunguliwa hudumisha baridi kwa takriban saa 48, lililojaa nusu saa 24, lakini friji la kawaida huhimili saa 4 tu. Saa ya kukatika kwa umeme iandikwe ukutani mara moja, na wenye oda zilizo kwenye friji waitwe wachukue mapema, wakianza wenye maini na nyama ya kusaga.

Kabla ya kufunga bucha usiku, daftari hupitiwa mstari kwa mstari dhidi ya vyombo vilivyomo kwenye friji. Kila oda iwe na moja kati ya alama tatu: imechukuliwa, imeuzwa, au inalala mpaka saa fulani. Chombo kisicho na mstari daftarini hutafutiwa mwenyewe usiku huohuo, wakati aliyekiweka bado anakumbuka.